Dishi la Mota Halitii Rimoti: Anzia Sebuleni Kabla Hujapanda Bati

"Fundi, mota imekufa." Simu nyingi huanza hivyo. Ukimwacha mtu aendelee kuongea, ataongeza mwenyewe kwamba juzi ilinyesha, au umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, au mjukuu alishinda na rimoti tangu alasiri. Hayo anayoyatupia mwishoni ndiyo yenye jibu. Mota ya dishi, ile inayoligeuza kutoka setelaiti moja hadi nyingine, ni giya, sumaku na saketi ndogo ndani ya boksi la chuma. Nimezikuta zimekaa juani miaka mingi na bado zinazunguka. Kinachoharibika mara nyingi ni njia ya kuifikia.

Hili nimelijua kwa hasara. Dishi langu la kwanza la mota, pale Tabata, liliganda asubuhi moja likiwa limetazama magharibi. Picha ya setelaiti ile moja ilikuwa inakuja safi, kwa hiyo nikaamini waya ni mzima, nikaihukumu mota. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na mota mpya, nikamaliza Jumamosi nzima juu ya bati. Nikabonyeza rimoti: kimya kilekile. Kumbe nyuma ya kabati la TV kulikuwa na swichi ya matundu manne niliyoifunga mwenyewe mwaka uliotangulia, nikaisahau. Picha ilikuwa inapita, ila amri za mota zilikuwa zinaishia humo. Nilipoitoa, mota mpya ikazunguka. Nikairudisha ya zamani kwa hasira tu, nayo ikazunguka.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu hata kama moyo unakutuma uchukue ngazi.

Una dishi la aina gani?

Hapa Dar utakutana na mifumo miwili, na dawa ya mmoja haiufai mwingine.

Wa kwanza ni mota ya H-H, yaani ya upeo hadi upeo: boksi lililokaa kati ya mlingoti na dishi, kwa kawaida dishi la sentimita 80 hadi 120. Halina waya wake wa umeme. Waya uleule wa antena unaobeba picha ndio unaolilisha umeme na kulipa amri. Wa pili ni wa yale madishi makubwa ya futi sita au nane ya C-band, ambayo bado yanaonekana kwenye nyumba za zamani za Upanga na Kinondoni. Hilo lina mkono mrefu wa chuma unaojisukuma na kujivuta, nitauita jeki, wenye nyaya nne zinazoshuka hadi kwenye kisanduku chake cha volti 36 ndani ya nyumba.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mota ya H-H. Jeki nimeipa nafasi yake huko mbele.

Swali jingine la mapema: hicho kifaa cha sebuleni kina uwezo wa kuendesha mota kweli? Ving'amuzi vingi vya malipo havina menyu ya mota kabisa. Vimetengenezwa vitazame setelaiti moja na vitosheke. Mtu akibadilisha risiva yake ya chaneli za bure akaweka king'amuzi, kisha akalalamika kwamba dishi halisikii, hana ubovu wowote wa kutengeneza. Arudishe risiva yake, aitumie kuzungushia dishi.

Risiva inazungumzaje na mota

Ukilielewa hili, utaweza kukisia ubovu mwenyewe bila fundi.

Risiva hupandisha kwenye waya wa antena volti 13 au volti 18. Chaneli zenye mawimbi ya wima (V kwenye menyu) hutumia 13, za mlalo (H) hutumia 18. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, husoma tofauti hiyo ili ijue upokeaji gani unatakiwa. Juu ya umeme huo, risiva hupandisha mlio wa kHz 22, ikiukatakata kwa mpangilio maalumu kama mtu anayebisha hodi kwa ishara mliyokubaliana. Lugha hiyo ya kubisha hodi ni DiSEqC, iliyobuniwa na Eutelsat. Mafundi wengi huitamka daiseki. DiSEqC 1.0 ni ya swichi. DiSEqC 1.2 ni ya mota: nenda mashariki, nenda magharibi, simama, kumbuka hapa. Halafu kuna USALS, iliyotoka kwa kampuni ya STAB ya Italia, ambamo risiva hupiga hesabu ya pembe yenyewe kutokana na mahali ulipo, kisha inaiambia mota igeuke digrii kadhaa.

Basi mota inahitaji vitu viwili vifike juu: umeme wa kutosha na hodi inayosikika. Kimoja kikipungua, utaona dishi halitii.

Jaribio la sikio

Msimamishe mtu chini ya dishi, wewe kaa na rimoti, simu iwe hewani. Fanya hivi usiku kama unakaa karibu na barabara, maana mota ya H-H haina sauti kubwa. Fungua menyu ya mota, bonyeza kwenda mashariki, subiri sekunde kumi, simama, kisha magharibi.

Kama ni kimya kabisa, huku na huku, shuku menyu, swichi, konekta au waya. Ikiguna kidogo bila kusogea, umeme unafika ila ni mdogo, au kuna kilichokwama. Ikizunguka ukiwa kwenye baadhi ya chaneli na kugoma kwenye nyingine, hapo usiendelee kukisia: ni waya, na nitaeleza kwa nini. Ikizunguka upande mmoja tu, ni mipaka. Ikizunguka vizuri halafu ikafika pasipo na kitu, hiyo ni habari ya mpangilio.

Menyu kwanza

Ingia kwenye ukurasa wa kufunga antena. Angalia umeme wa LNB umewashwa. Ukizimwa, hakuna kitakachoitika huko juu. Angalia pia kwamba setelaiti unayoijaribu imewekewa mota ya DiSEqC 1.2 au USALS. Kwenye risiva nyingi mpangilio huu huwekwa kwa kila setelaiti peke yake, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na dishi linaloitikia setelaiti tano na kukataa ya sita. Hakuna ubovu hapo, ile ya sita ilisahauliwa tu.

Kwa wanaotumia USALS, kaeni hapa kidogo. Dar es Salaam iko latitudo 6.8 kusini, longitudo 39.3 mashariki. Risiva ikipoteza kumbukumbu, au ukibonyeza kurudisha mipangilio ya kiwandani, namba hizi hufutika na kubaki sifuri au za nchi nyingine. Ukiacha herufi N badala ya S, risiva itaamini uko kaskazini mwa ikweta na dishi lako linatazama kusini, kwa hiyo itageuza pande zote. Setelaiti ya Azam TV iko nyuzi 7 mashariki, ambayo kwa mtu wa Dar ni upande wa magharibi, kuelekea Kongo. Dishi lako litakimbilia Bahari ya Hindi. Ukikosea longitudo ukaweka W, mambo ni ya ajabu zaidi: setelaiti ya nyuzi 68.5 mashariki itahesabiwa iko chini ya upeo wa macho, na risiva nyingine hukataa kimya kimya bila hata ujumbe. Mwenye nyumba anaona mota imekufa. Kosa ni herufi moja.

Ili ujue kama risiva inahesabu sawa, pembe zenyewe ukiwa Dar ni takriban hizi: nyuzi 7 mashariki, mota igeuke kama digrii 38 magharibi mwa sifuri yake (pale inapotazama kaskazini); nyuzi 36, ambako DStv wapo, digrii 4 tu magharibi, yaani karibu utosini; nyuzi 68.5, digrii 34 mashariki. Risiva nyingi huonyesha pembe kwenye skrini. Ikikuonyesha namba iliyo mbali na hizi, usiguse spana.

Halafu mipaka. Mota ya DiSEqC huweza kuwekewa ukomo wa mashariki na magharibi ili dishi lisigonge ukuta au tangi la maji. Mtoto akibonyeza kuweka mpaka wakati dishi liko katikati, mota haitavuka hapo tena. Na kinachowachanganya watu ni kwamba mipaka hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya mota yenyewe. Ukiazima risiva ya jirani, utaikuta palepale. Tafuta kwenye menyu amri ya kuzima mipaka, itume, subiri, kisha jaribu tena. Baada ya hapo tuma amri ya kurudi sifuri. Mota iliyochanganyikiwa mara nyingi hupata akili ikirudi sifuri.

Fupisha njia

Menyu ikiwa sawa na kimya kinaendelea, zima risiva. Usizime kwa rimoti, chomoa plagi kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu kufungua na kufunga konekta wakati umeme wa LNB uko hewani ni njia rahisi sana ya kuua risiva: msumari wa katikati ukigusa ganda kwa sekunde moja tu ni shoti. Zenye ulinzi hujizima na kuonyesha onyo. Zisizo nao huhitaji fundi.

Sasa toa kila kitu kilicho kati ya risiva na mota: swichi, kigawanyio, kile kidude cha kuzuia radi, risiva ya pili iliyopitishiwa waya. Waya mmoja, kutoka risiva hadi mota, basi. Mota ikiitika, rudisha kimoja kimoja mpaka ukipate kinachozuia.

Isipoitika, na kama una risiva nyingine, ijaribu. Kama huna, ipeleke hiyo yako juu ya bati pamoja na waya wa kuongezea umeme (uwe mkavu, na hakuna mvua), uiunge na mota kwa kipande kipya cha waya wa antena cha mita moja. Huhitaji TV kama vibonyezo vya menyu umevizoea: weka chaneli kabla hujapanda, halafu bonyeza kwa kukariri. Kama hujavizoea, panda na skrini ndogo. Mota ikizunguka kwa mita moja na kugoma kwa mita thelathini, umeshapata jibu bila kufungua nati hata moja.

Waya, huyu ndiye mchawi mara nyingi

Mzee mmoja wa Kigamboni alikuwa na mota iliyokuwa ikifanya kazi "kwa kujisikia". Asubuhi inazunguka, jioni haitaki. Mafundi wawili walishampa jibu moja: anunue nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi ile pale, nyuma ya tangi."

"Sitapanda kwanza. Naomba rimoti."

"Rimoti? Si mota ndiyo mbovu?"

Nikaweka chaneli ya mlalo, nikabonyeza mashariki. Ikazunguka. Nikaweka ya wima, nikabonyeza. Kimya. Nikarudi kwenye ya mlalo: ikazunguka. Mzee akakaa vizuri kwenye kiti. Asubuhi alikuwa akitazama taarifa ya habari kwenye chaneli iliyo mlalo, jioni akitazama mpira kwenye ya wima. Mota haikuwa inajisikia wala nini. Ilikuwa ikipata volti 18 asubuhi na 13 jioni, na waya ulikuwa unazila njiani.

Hesabu yake si ngumu. Mota ndogo ikizunguka huvuta kama milliampea 200 hadi 400, na LNB juu yake. Waya wenye ukinzani wa omu 5, ukipitisha ampea 0.4, hupoteza volti 2. Ukianza na 18 unabaki na 16, mota inacheka. Ukianza na 13 unabaki na 11, haianzi kabisa au inaguna tu.

Nilipanda basi, nikakata konekta ya juu. Ndani, msumari wa katikati ulikuwa umevaa unga wa kijani, na nilipoukunja kwa kidole ukakatika kama njiti ya kiberiti. Nikamenya sentimita chache zaidi nyuma, nikatoa sumaku ya spika ninayoibeba mfukoni, nikaisogeza. Ikanata. Waya ule ulikuwa chuma kilichopakwa shaba kwa nje, na chuma kando ya bahari kina siku chache za kuishi. Upepo wa kusi huleta chumvi hata usipoiona, na kutoka Kigamboni hadi Kunduchi nimekuta konekta za mwaka mmoja zinazofanana na za miaka kumi za Morogoro.

Nunua sumaku ndogo kabla hujanunua waya. Dukani, omba kipande, menya, sogeza sumaku kwenye msumari wa katikati. Ikinata, huo waya unafaa kwa antena ya kawaida, lakini kwa mota ya mbali tafuta wenye shaba tupu katikati.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima hivi. Kwanza toa waya pande zote mbili. Upande wa juu, unganisha msumari wa katikati na ganda kwa kipande cha waya. Upande wa chini, pima omu kati ya msumari na ganda. Waya mzuri wa mita 30 utasoma omu 2 au chini. Ukisoma 5 au zaidi, badilisha konekta zote mbili, pima tena. Isiposhuka, badilisha waya. Kisha ondoa kile kipande cha juu na upime tena: sasa mita isisome kitu. Ikisoma, kuna shoti au maji ndani.

Hapa kuna mtego ambao mafundi wengi huangukia. Wanapanda na mita, wanachomoa waya kwenye mota, wanapima, wanaona volti 18 kamili, wanashuka na kusema waya mzima. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliooza utaonyesha 18. Volti zinapimwa zikiwa na mzigo. Tafuta rezista ya omu 47 yenye uwezo wa wati 10. Zipo kwenye maduka ya vifaa vya redio Kariakoo. Iunge kati ya msumari na ganda upande wa juu, risiva ikiwa kwenye chaneli ya mlalo, kisha pima juu yake. Ukipata 16 au zaidi, waya ni mzuri. Chini ya 15, tafuta ubovu kwenye waya, konekta au risiva yenyewe. Usiishike kwa vidole, huwa ya moto haraka. Wapo wanaotumia balbu ya pikipiki. Mimi siipendi, kwa sababu ikiwa baridi huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuiangusha risiva, ukadhani ndiyo mbovu.

Rudia jaribio lilelile nyuma ya risiva kwa kipande kifupi cha waya. Ikishuka hata hapo, risiva imechoka upande wa umeme wa LNB. Nyuma ya risiva nyingi huandikwa kiasi inachoweza kutoa, mara nyingi milliampea 400 au 500. Mota kubwa na LNB yenye njaa huifikisha mwisho.

Unapofunga konekta mpya, angalia nyuzi za wavu zisibaki zikigusa msumari. Uzi mmoja mwembamba kama unywele unatosha. Na waya ukifika juu, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili matone yashukie hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Hapa Dar hilo lina uzito wa pekee: tuko karibu na ikweta, mota imelala karibu sawa na ardhi na dishi linatazama juu sana, kwa hiyo matundu ambayo Ulaya yangetazama chini kwetu mengine hujikuta yametazama masika.

Sasa panda

Angalia kwanza matundu mawili ya mota. Moja limeandikwa REC, hilo la kwenda kwenye risiva; jingine LNB. Yakibadilishwa, mota haisikii kitu. Usicheke, nimeyakuta hivyo kwenye dishi lililofungwa na fundi mwenye vyeti.

Mota nyingi zina vitufe viwili chini, E na W, vya kuizungusha kwa mkono. Risiva ikiwa imewashwa, bonyeza kimoja. Ikizunguka kwa kitufe lakini si kwa rimoti, umeme upo, hodi ndiyo haisikiki: rudi kwenye menyu, swichi, au jaribu risiva nyingine. Isipozunguka kwa kitufe na umeshapima umeme ukiwa na mzigo, sasa ndiyo una haki ya kuishuku mota.

Ikiguna, toa dishi, ibakie mota peke yake, ubonyeze tena. Ikizunguka bila dishi, mzigo ni mkubwa au dishi linagusa kitu. Nimewahi kukuta waya wa kuanikia nguo umefungwa kwenye mkono wa LNB, na mara nyingine kiota cha kunguru kimejengwa nyuma ya dishi kwa vipande vya waya, vingine vikiwa vimechomolewa kwenye antena ya jirani. Kunguru wa Dar hana adabu.

Ukisikia mota inazunguka lakini dishi halisogei, kaza bolti za shingo la mota. Kama zimekaza, giya imekatika meno au pini imetoka, na hapo unahitaji kuifungua. Ndani, mafuta ya zamani huwa magumu kama sabuni. Yafute, paka grisi mpya kidogo, kausha saketi, angalia kama kuna kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri. Ukiifunga, zungushia silikoni kwenye mzunguko wa juu, lakini tundu dogo la chini liache wazi. Lipo ili maji yatoke. Ukiliziba, umetengeneza mtungi.

Kama ni jeki ya volti 36

Hapa umeme na picha havikutani, kwa hiyo usihangaike na LNB. Nyaya mbili ni za mota, mbili ni za kihesabio. Bonyeza mashariki na upime zile mbili za mota nyuma ya kisanduku: unatakiwa uone takriban volti 36, na ukibonyeza magharibi alama ya kuongeza na kutoa zibadilike. Hakuna kitu? Angalia fyuzi. Volti zipo chini lakini juu hazifiki? Waya. Zinafika na jeki haisogei? Imejaa maji au kutu. Ishushe na umwage, utashangaa kinachotoka.

Ubovu wa jeki unaowasumbua wengi ni huu: inasogea sekunde moja au mbili, inasimama, kisanduku kinaandika kosa. Mota ni nzima. Ndani ya jeki kuna sumaku inayozunguka na swichi ndogo ya kioo inayofunga na kufungua kila sumaku inapopita. Kisanduku huhesabu mipigo hiyo. Kisipoihesabu, hudhani jeki imekwama na hukata umeme ili isiungue. Tenganisha nyaya za kihesabio, weka mita kwenye mlio, mtu abonyeze: katika ile sekunde moja unatakiwa usikie mita ikipiga na kuacha. Isipopiga, badilisha swichi ya kioo. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na kwa ajili yake watu wamenunua jeki nzima.

Imeitika, lakini inafika kwingine

Hili lina mwongozo wake mrefu, nitagusa mawili tu. Mlingoti lazima usimame wima kabisa. Weka pimamaji pande mbili, usiamini jicho. Na mota ikiwa kwenye sifuri, itazame kaskazini ya kweli. Dira ya simu juu ya bati hudanganya, kwa hiyo tumia jua: hapa Dar jua hufika katikati ya safari yake kati ya saa 6:07 na saa 6:37 mchana kulingana na mwezi, wastani saa 6:23. Tafuta dakika ya siku hiyo, kisha tazama kivuli cha mlingoti. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba kivuli hicho huelekea kusini moja kwa moja, na miezi iliyobaki kaskazini. Siku zile mbili za mpito jua liko utosini, hutaona kivuli. Ngoja wiki mbili. Ukishapata, chora mstari wa rangi ukianzia kwenye mota hadi kwenye mlingoti, ili siku upepo ukiisogeza uone kwa macho ukiwa chini.

Na kabla hujahangaika na setelaiti moja inayokataa wakati nyingine zote zinakuja, hakikisha bado ipo. Kuna watu waliokaza na kulegeza nati wiki nzima wakiitafuta Intelsat 33e kwenye nyuzi 60 mashariki, ilhali setelaiti hiyo ilivunjika vipandevipande huko angani Oktoba 2024.